Mrejesho: Kesi ya programu iliyofanana na ya mwenzangu

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kama nitadisko (kufukuzwa chuo) baada ya programu yangu ya somo la algoriti kukutwa inafanana na ya mwenzangu.

Niliitwa kwenye kamati. Mhadhiri akaziweka kazi zote mbili ubavu kwa ubavu: majina ya vigeu (yanayobeba thamani ndani ya programu) tofauti, ila mpangilio uleule, hadi neno nililokosea herufi kwenye maelezo! Nikakiri kwamba nilimtumia mwenzangu faili langu "aangalie tu". Kumbe anayetoa naye ana kosa.

Sijadisko. Nimepewa sifuri ya kazi hiyo na onyo la maandishi. Wastani umeshuka, nina sapu (mtihani wa marudio) moja, na somo la mifumo endeshi siruhusiwi kulisajili hadi nifaulu hili.

Aliyenishauri nisikane, asante sana mkuu.