Kupata jina la mtumiaji lisilojirudia kwa kwiri

mchota_data: Habari zenu wakuu. Nina jedwali la watumiaji kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Asha Juma akijisajili anapewa ajuma, wa pili ajuma1, wa tatu ajuma2. Kwiri (amri ya kuiuliza hifadhidata) niliyokabidhiwa inahesabu majina kwa LIKE 'ajuma%', yaani yote yanayoanza na ajuma, kisha inabandika hesabu hiyo mwishoni. Nikisajili wengi kwa mpigo, majina yanajirudia. Nibadilishe nini?

kibodi7: Mkuu, tumia MAX (inayotafuta kubwa kuliko zote), achana na COUNT (inayohesabu idadi). Ukimfuta ajuma1 wanabaki wawili, kwa hiyo COUNT inakupa ajuma2, na huyo yupo tayari.

mzee_wa_indeksi: MAX inatibu hilo tu, tena ukiugeuza kwanza mkia (tarakimu za mwishoni) kuwa namba. Kimaandishi ajuma9 ni kubwa kuliko ajuma10, kwa hiyo utakwama kwenye 9. Halafu LIKE yako inamzoa hata ajumanne. Weka ~ '^ajuma[0-9]*$', inayokubali ajuma na tarakimu tu baada yake.

Ila ugonjwa wenyewe uko kati ya kusoma na kuandika. Wawili wakijisajili pamoja, wote wanasoma kabla yeyote hajaandika, wote wanaambiwa ajuma2. Hakuna SELECT (kwiri ya kusoma) ya kuziba pengo hilo, hata uiandike kwa ustadi gani. Iachie hifadhidata yenyewe ikatae, kwa indeksi isiyoruhusu jina kujirudia:

CREATE UNIQUE INDEX ON watumiaji (lower(jina));

Usiiache lower (inayogeuza herufi zote kuwa ndogo), la sivyo AJuma na ajuma watahesabiwa wawili. Yaliyokwisha kujirudia yasafishe kwanza, vinginevyo indeksi haitaundwa. Kisha, kuanzia toleo la 9.5 la PostgreSQL, andika hivi, jina likiwepo isiandike kitu:

INSERT INTO watumiaji (jina) VALUES ('ajuma2') ON CONFLICT DO NOTHING RETURNING jina;

Isiporudisha kitu, jina lina mwenyewe. Ongeza namba, jaribu tena.

mchota_data: Shukrani sana. Nikiweka jedwali la pembeni lenye kaunta (namba iliyofikiwa) ya kila shina, yaani jina kabla ya namba, bado naihitaji indeksi?

mzee_wa_indeksi: Kaunta iweke, itakupunguzia kujaribu-jaribu. Indeksi ibaki. Mtu akiruhusiwa kuchagua shina ajuma1, namba yake ya 2 inazaa ajuma12, na namba ya 12 ya ajuma inazaa hiyohiyo. Kila kaunta imehesabu sawasawa, na bado wamegongana.

Na nakusihi, jina la aliyeondoka usimpe mwingine. Viungo vya zamani na ruhusa zilizoandikwa kwa jina hilo vitamwangukia mtu mgeni kabisa. Usifute mstari wake. Weka alama kwamba akaunti imefungwa, na indeksi itaendelea kulilinda jina.