Ndege sululu wa pwani, wakiondoka huwa wanakwenda wapi?

Bi Mwani (Tumbe, Pemba)
Assalam alaykum. Mimi nalima mwani. Kaskazi nzima, nikiinama kufunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, nyuma yangu pana sululu anapiga mbinja. Nimeshamhesabu: saba, upesi upesi, hazipandi wala hazishuki. Mdomo umepinda kama sululu ya kuchimbia. Anautia kwenye tundu la kaa mpaka machoni, anamtoa, anamtikisa miguu imdondoke, ndipo anameza.

Sasa upepo umelegea. Juzi magharibi walikusanyika kama thelathini pale funguni, wakapiga kelele, wakaruka juu sana upande wa Mombasa. Jana nimefunga kamba nne bila kusikia kitu, kama mtu kazima redio. Wanakwenda wapi? Na wanaokuja kusi ikikaribia kwisha ndio hao hao?

Ngalawa
Kheri waende. Kaa wa chambo tunagombania.

Mtu wa Wete
Wa alaykum salaam dada. Mwaka wa tisa huu niko Ufini. Nyinyi mnawaaga, sisi tunawapokea, ila si sasa, huku bado theluji. Hufika mwanzoni mwa Mei, mabwawa yakishayeyuka. Mara ya kwanza nilikuwa naenda kazini alfajiri, nikazisikia zile saba. Nilisimama na baiskeli katikati ya njia. Wallahi nilisikia harufu ya mwani, na mahali penyewe ni matope na misonobari mitupu!

Wenyeji humwita pikkukuovi. Hutaga chini majanini, mayai manne kwa kawaida. Kaa hapati, hula wadudu na matunda ya porini. Na ana wimbo wa huku: anapanda juu, kisha anashuka akitetemesha sauti kama birika linalochemka. Siapi kama ndiye wako wa Tumbe, lakini ukoo ni mmoja.

Babu Chwaka
Wengi hurudi pwani ile ile kila mwaka, wanaowavisha pete miguuni wameliona hilo. Anza kusikiliza Agosti. Halafu bibi, hawaendi wote. Wachanga ambao hawajafika umri wa kutaga wengi hubaki kusi nzima. Maji yakipwa pita kwenye mikoko.

Bi Mwani
Nimepita leo, Babu. Wawili wapo. Mmoja kapiga nne tu, akanyamaza.

Ngalawa
Bado anajifunza huyo. Kaa wangu lakini keshamjua.