Naenda Ufaransa na Geneva na mama: nitumieje simu bila salio kuliwa?

Mwendambali
Wakuu, habari zenu. Nampeleka mama kwa dada yangu anayeishi Annemasse, Ufaransa, jirani kabisa na mpaka wa Uswisi. Tutalala Ufaransa, lakini kliniki aliyopangiwa mama iko Geneva, kwa hiyo tutavuka mara kwa mara. Simu yangu inapokea laini mbili na eSIM pia (laini isiyo na kadi, inayopakiwa kwa intaneti). Ya mama ni ya laini moja ya kawaida.

Meseji za benki zenye namba za uthibitisho lazima zinifikie kwenye laini ya nyumbani. Mama naye hawezi kulala bila kuongea na wajukuu. Kampuni yangu ya simu ina bando la romingi, yaani la kutumia laini ya nyumbani ukiwa nje ya nchi, ila ni dogo na bei yake inatisha. Ninunue hilo, ninunue laini nikifika, au hizi eSIM za mtandaoni? Na nikibadili laini, WhatsApp itapotea?

Mkalimani
Ndugu, mpe mama pole, Mungu amjalie afya. Kazi yangu ni ya kuvuka mipaka kila leo, na jambo hili naliona likiwaumiza watu wengi bila sababu.

Laini ya nyumbani usiitoe kwenye simu, ila ipe kazi moja tu: kupokea meseji. Kwa kampuni nyingi kupokea meseji ukiwa romingi ni bure. Uliza yako kabla hujaondoka, na uhakikishe romingi imewashwa ungali nyumbani, maana baadhi hazikuruhusu kuiwasha ukiwa tayari nje. Kisha ingia kwenye mipangilio uzime data ya romingi kwa laini hiyo. Hapohapo tafuta kile kipengele kinachoruhusu simu ihamie yenyewe kwenye data ya laini ya pili mtandao ukidhoofika. Kizime. Watu wanazima romingi, wanakisahau hicho.

Sasa sikiliza hili kwa makini, ndilo linalokula salio kimyakimya. Ukiwa romingi, simu inayoingia unailipia wewe unayepokea. Usipoipokea, na laini yako imewekewa kuhamisha simu kwenye kisanduku cha sauti (anakoacha ujumbe mpigaji asipokupata), simu ile inaweza kusafiri hadi huko uliko, kisha ikarudishwa nyumbani kwenye kisanduku, na ukatozwa safari zote mbili. Hujasema hata haluu. Kabla ya kupanda ndege bonyeza ##002# kisha piga. Kwenye mitandao mingi hiyo inafuta uhamishaji wote wa simu. Ukitaka kuhakikisha, *#62# inakuonyesha simu zinapelekwa wapi usipopatikana.

WhatsApp haipotei. Imeshikamana na namba uliyojisajilia, si na laini inayoleta data. Ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa.

Mpakani
Nyongeza kuhusu Uswisi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya inatumika katika nchi nyingine za Umoja huo bila tozo za ziada za romingi, na mwaka 2022 sheria hiyo iliongezwa muda hadi 2032. Norway, Iceland na Liechtenstein zimo. Uswisi haimo! Uingereza pia haimo. Laini ya Ufaransa utakayonunua inaweza kuwa rahisi Annemasse, ikageuka ghali ukivuka kwenda kliniki. Zipo kampuni zinazojumuisha Uswisi kwa hiari yao, basi soma orodha ya nchi za bando jina kwa jina. Neno "Ulaya" kwenye tangazo lisikutulize.

Tena Annemasse minara ya nchi mbili inasomana. Unaweza kuwa umekaa sebuleni kwa dada yako Ufaransa, simu imeshika mtandao wa Uswisi. Zima kuchagua mtandao kiotomatiki, uuchague mwenyewe.

Mwendambali
Asanteni sana, hilo la Uswisi nisingelijua kamwe. Basi nachukua eSIM inayotaja Ufaransa na Uswisi zote mbili. Na mama je?

BintiWaMwisho
Kaka, kabla hujalipia: eSIM nyingi za wasafiri ni za data tu, hazina namba ya simu. Kliniki ikitaka kukupigia itapiga wapi? Mimi nilipomuuguza baba ugenini, taarifa zote muhimu zilikuja kwa simu ya kawaida, hakuna aliyetuandikia WhatsApp. Waachie namba ya dada yako, au tafuta laini yenye namba.

Mkalimani
BintiWaMwisho amesema kweli, nami sikuligusa. Namba ya dada inatosha kama huwa anapokea simu mchana; kama yuko kazini, laini yenye namba ni lazima. Nenda na pasipoti, nchi nyingi hawauzi laini bila kitambulisho.

Kwa mama usinunue kitu. Acha laini yake ndani, zima data, atumie waifai ya dada yako nyumbani na hotspoti yako (simu yako ikimgawia data) mkiwa njiani. Waambie wajukuu wote wapige kwa WhatsApp tu, na umwonyeshe mama tofauti ya skrini mbili: simu ya kawaida ikiita asiipokee, ya WhatsApp aipokee. Mkae naye, jipigieni kwa njia zote mbili mpaka aizoee, kabla ya safari. Video inakula data nyingi, hiyo ingojee waifai.

Ramani za Annemasse na Geneva zipakue mapema. GPS haihitaji data, kitone chako kitaonekana kwenye ramani hata bila bando.

Mwendambali
eSIM niipakie huku au nikifika?

Mkalimani
Ipakie huku ukiwa na waifai, kwa sababu kuipakia kunahitaji intaneti. Soma siku zake zinaanza kuhesabiwa lini: nyingine ni ikishika mtandao wa huko, nyingine ni dakika uliyoipakia. Na ikisumbua usiifute kwa haraka, zima simu uiwashe kwanza. Nyingi zikishafutwa, msimbo uleule ulioipakia nao haukubali tena.