Naomba ushauri: Mbunge aulizeje kuhusu nafuu ya kodi iliyopewa kiwanda cha korosho?

Ndugu zangu, salaam kutoka Mtwara. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na katani kwetu kuna kiwanda cha kubangua korosho ambacho, kwa maelezo tuliyopewa kikaoni kilipoanza, kilipata nafuu ya kodi kwa ahadi ya kuajiri vijana wetu. Leo geti lina kufuli lililoshika kutu, na kina mama wanabangua chini ya mwembe, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda.

Ninavyofahamu, Ibara ya 138 ya Katiba inataka kodi itozwe kwa sheria ya Bunge, lakini kifungu cha 10 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinampa Waziri wa Fedha uwezo wa kusamehe kodi kwa amri katika Gazeti la Serikali. Kutoza kunapita mlango wa mbele, kusamehe kuna mlango wa uani.

Mbunge wetu amekubali kulisemea, ila anataka nimwandikie hoja yenye mashiko. Je, aulize swali la msingi, au alipeleke Kamati ya Bajeti? Na je, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 30, naweza kuomba masharti ya nafuu hiyo, au nitaambiwa ni siri ya mlipakodi? Aliyewahi kuandika barua ya namna hii anisaidie walau muundo wake, kwani kikao chetu ni wiki ijayo.