Nimefanyiwa baipasi ya tumbo, mwaka umepita. Nikila natoka jasho, baadaye natetemeka. Naombeni ushauri

Mama Najma (Tanga)

Habari zenu ndugu zangu. Ramadhani inakaribia, Mungu atufikishe salama.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nje ya nchi, ule wa baipasi: tumbo linabakishwa kijifuko kidogo, kisha utumbo unaunganishwa hapo. Kisukari kimetulia, presha imeshuka, magoti hayaumi, na sasa naswali nikisujudu chini bila kiti. Sijuti. Nalisema mapema kwa sababu najua atatokea wa kuniambia "si ulitaka mwenyewe".

Shida ni chakula. Nikila kitu cha sukari, au hata wali nikiula kwa haraka, nusu saa haifiki moyo unaanza kwenda mbio, jasho linanitoka, tumbo linanguruma, inabidi nijilaze. Mara nyingine naharisha. Hilo nimelizoea. Linalonitisha ni linalokuja baadaye, saa moja na nusu au mbili tangu nile, wakati hata nimesahau kama nilikula. Mikono inatetemeka, macho yanaingia kiza, maneno hayatoki. Juzi nilikuwa dukani namrudishia mteja chenji, nikashindwa kujua noti niliyoshika ni ya shilingi ngapi. Jirani akaniwahi na soda, nikapata nafuu, lakini baada ya muda ikarudi vilevile.

Ugali mgumu na mkate mweupe vinakwama kifuani, natema povu mpaka virudi. Nywele zilikatika miezi ya mwanzo, zikaota, sasa zinakatika tena. Na nimeshikwa na hamu ya udongo wa pemba ambayo sikuwa nayo hata kwenye mimba zangu.

Hospitali walinipa vidonge vya vitamini vya miezi mitatu na karatasi ya vyakula vya wiki za mwanzo: maji, supu, vitu laini. Ya baada ya hapo hayakuandikwa.

Nyumbani nako, mama mkwe ananipenda sana, na nikirudisha sahani anaumia. Mwezi huu shughuli haziishi, pilau kila wikiendi. Na Ramadhani je, nifunge? Nitafuturu kwa nini, ikiwa tende yenyewe inaniangusha? Naomba waliopitia waniambie wanaishije, na wataalamu kama mpo.

Kamau_Ruaka

Pole sana dadangu. Mimi nina baipasi tangu 2019 na hayo yote nimeyapitia, isipokuwa udongo.

Hali hiyo inaitwa dampingi. Tumbo la kawaida lina mlango wa chini unaopitisha chakula kidogo kidogo. Kwetu sisi chakula hakipiti tena pale, kwa hiyo sukari inamwagika utumboni yote kwa mpigo. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu kuizimua, ndipo moyo unakimbia na tumbo linanguruma. Hiyo ni ya mapema, huja ndani ya dakika 10 hadi 30. Kisha sukari ileile inaingia kwenye damu kwa kasi, kongosho inamwaga insulini kupita kiasi, na kati ya saa 1 na 3 sukari ya damu inaporomoka. Hiyo ndiyo iliyokupata dukani. Na soda ilikuinua tu, kisha ikaanzisha safari upya.

Nunua kipima sukari, usikisie. Pima wakati unatetemeka, uandike saa, chakula ulichokula na namba. Kabla sijawa na daftari niliambiwa nina wasiwasi tu. Siku niliyompelekea daktari ukurasa wenye 2.8 na 3.1 (milimoli kwa lita), maongezi yalibadilika, nikaandikiwa akaboze, dawa inayopunguza kasi ya wanga kugeuka sukari. Kuna wanaohitaji dawa nzito zaidi, lakini wengi tunatulia kwa kubadili ulaji.

Ukikuta iko chini ya 3.9, kunywa nusu glasi ya juisi au vijiko vitatu vya chai vya glukosi ya unga kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15. Ikishapanda, kula yai au karanga kidogo ili isiporomoke tena. Usiishie kwenye juisi. Na usiendeshe gari wala kupanda pikipiki ukiwa katika hali hiyo.

Zuhura_Dodoma

Dada, mimi nina slivu, ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo bila kugusa utumbo. Dampingi kwetu ipo ila si kali kama yenu. Sisi kinachotutesa ni kiungulia. Lakini kwenye kukwama tuko pamoja.

Mimi naanza na kitoweo, siku zote. Samaki, yai, dagaa, kunde zilizoiva vizuri, kuku wa mchuzi. Mboga inafuata. Wanga unakuja mwisho, kama nafasi imebaki, na mara nyingi haibaki. Tuliambiwa protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, hivyo ukianza na wali huwezi kufika. Tonge liwe dogo, tafuna mpaka lilainike kabisa, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Dakika 20 hadi 30 kwa sahani ile ndogo ya chai. Maji usinywe na chakula, subiri nusu saa baada ya kula, maana yanakisukuma chakula kiende haraka zaidi.

Ugali mgumu, chapati na mkate laini wa dukani ndivyo vinavyokwama zaidi, vinafanya donge. Mkate nakula uliokaushwa. Nyama ya kuchoma nimeiacha, naila ya kusaga au iliyochemshwa ikavunjika.

Babu_Mzizi

Binti yangu, huo ni udhaifu wa mwili. Asubuhi lamba asali vijiko viwili na unga wa mlonge, nguvu zitarudi na nywele zitajaa. Vidonge vya hospitali vinachosha figo.

Nesi Upendo (Moshi)

Mama Najma, shikamoo kama umenizidi. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji.

Babu, nakuheshimu, ila asali kwa huyu mama ni sukari ileile inayomwangusha. Mlonge ni mboga nzuri, aule. Lakini mimea haina B12, na hilo ni moja ya mambo ninayohofia kwake. Tafadhali tusimwachishe vidonge.

Mama, kinachonishtua kwenye maelezo yako ni udongo na nywele. Nywele kukatika miezi michache baada ya upasuaji ni kawaida, na huota tena. Zikianza kukatika upya baada ya mwaka, pamoja na hamu ya udongo au barafu, mara nyingi madini ya chuma yamekwisha mwilini. Sehemu ya kwanza ya utumbo, ambayo kwenye baipasi chakula hakiipiti tena, ndiyo inayofyonza chuma na kalisi (kalsiamu) kwa wingi. Tindikali nayo imepungua. Kwa hiyo hata ukila maini kila siku unaweza kuishiwa. Udongo unazidisha tatizo kwa sababu unaishika chuma kabla mwili haujaichukua.

Nenda ukapime wingi wa damu, ferritini (kipimo cha akiba ya chuma), B12, foleti, vitamini D na kalisi. Vitamini kwa mtu wa baipasi ni za maisha, wala si za miezi mitatu. Kwa kawaida mwanamke anayepata hedhi hupewa chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku, kalisi ya sitreti miligramu 1200 hadi 1500 ikigawanywa mara mbili au tatu, vitamini D, na B12 ya kumeza kila siku au sindano kila mwezi. Kiwango chako aseme daktari baada ya majibu. Chuma na kalisi usimeze pamoja, viachane kwa saa mbili. Chai ya rangi nayo isogeze mbali na chuma.

Sasa mambo ambayo hayasubiri. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, kisha ukaanza kuona vitu viwili viwili, miguu kuyumba au akili kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kukosa vitamini B1. Nenda hospitali, na ndugu zako waseme mapema kwamba ulifanyiwa baipasi, ili upewe thiamini, ndiyo hiyo B1, kabla ya dripu ya sukari. Hata supu ikianza kukwama, njia inaweza kuwa imebana. Huangaliwa kwa kamera na hupanuliwa bila kukupasua upya. Na maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla, hata miaka mingi baadaye, usiyavumilie nyumbani, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umejisokota ndani.

Ukiumwa kichwa, parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni achana nazo, zinaleta vidonda pale palipounganishwa. Waambie hata wa duka la dawa, maana hizo hutolewa kama karanga.

Bint Saleh (Muscat)

Assalaam alaykum dada Mama Najma. Mimi ni wa baipasi pia, na huku mezani wakati wa futari kuna tende, kahawa, kaimati zilizochovywa asali, harisi na sambusa. Najua unachokiogopa.

Mwaka wa kwanza daktari alinikataza kufunga kabisa. Nililia, nakwambia kweli, maana tangu nibaleghe sikuwahi kuacha bila udhuru. Imamu wa msikiti wetu akanisomea aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na ambaye hawezi kulipa atoe fidia ya kumlisha maskini. Moyo ukatulia. Wewe unayeshuka sukari mpaka maneno hayatoki, usianze kufunga kabla daktari hajaona zile namba za kipimo.

Sasa hivi nafunga kwa ruhusa. Nafungua kwa maji, mafunda machache. Tumefundishwa kuwa asiyepata tende afungue kwa maji, na mimi tende ndiyo siipati kwa namna yangu. Baada ya swala ya Magharibi nakunywa supu ya samaki au ya kuku, polepole. Baadaye kidogo yai au samaki na mboga. Uji wa sukari, tambi na kaimati nawapakulia wengine. Mpaka daku nakuwa nakunywa maji kidogo kidogo, chupa haitoki mkononi, kwa sababu siwezi kunywa glasi nzima kwa mara moja. Daku langu ni mayai na mtindi usio na sukari. Maziwa matupu yalikuwa yananiharisha, mtindi nauweza.

Na nikitetemeka mchana, nafungua. Hapo sijadiliani na nafsi.

Shangazi Rehema

Mwanangu, hao wamekujibu ya mwili. Mimi nikujibu ya mama mkwe, maana nami ni mama mkwe wa watu.

Mzee anayekupakulia anataka kukuona unakula mkono wake. Basi mpe kitu cha kukupikia. Mwambie, "Mama, daktari ameniagiza mchuzi wa samaki na kunde za nazi nyepesi, na wako ndio unaonikalia vizuri." Atajivunia. Mkalishe pia mkiwa wawili, mwoneshe kile kipimo siku kimeshuka. Watu wa umri wetu tunaijua sukari, tumezika nayo wengi. Akiiona namba hatakubembelezea maandazi tena.

Kwenye shughuli ingia jikoni, shika upawa. Anayepakua haulizwi amekula nini. Jiwekee minofu yako pembeni, kula ukiwa umetulia, na chukua nyama ya pilau uache wali. Anayeuliza sana mwambie una matatizo ya tumbo. Huna deni la kumsimulia kila mtu upasuaji wako.

Mama Najma (Tanga)

Mrejesho, ndugu zangu. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu.

Ferritini imesoma 6, daktari akasema akiba ya chuma ni kama haipo. B12 nayo iko chini. Amesema vidonge pekee havitatosha, nitawekewa chuma kwa dripu, na sindano za B12 nimeanza. Kipima sukari nilinunua. Nilipokula andazi na chai ya maziwa, baada ya saa mbili kilisoma 2.7. Siku nilipoanza na samaki, nikamalizia na viazi kidogo, hakikushuka chini ya 4.5. Daftari nimempelekea, amenianzishia akaboze dozi ndogo. Mwaka huu sifungi, tumekubaliana tutazame tena mwakani.

Kaka Kamau, Mungu akubariki, ile ya kuandika ndiyo iliyofanya nisikilizwe. Shangazi, mama mkwe sasa ananipigia simu asubuhi kuuliza samaki gani amekuja sokoni. Bint Saleh, nimeionesha familia ujumbe wako kuhusu aya, mume wangu ameelewa.

Nina swali moja limebaki. Nesi, hamu ya udongo itaondoka lini? Bado nikipita sokoni mate yananijaa.

Nesi Upendo (Moshi)

Nimefurahi mno kusoma hili. Hamu huanza kupungua chuma kikishaanza kujaa, kwa wengi ndani ya siku au wiki chache baada ya dripu, kabla hata wingi wa damu haujapanda. Mpaka hapo badili njia ya kupita sokoni, au mtume mtoto. Na mwombe daktari akuandikie dawa ya minyoo, maana udongo ule huwezi kujua umechimbwa wapi.

Ferritini irudiwe baada ya miezi mitatu hivi. Ikiwa imeshuka tena licha ya dripu, waulize kuhusu hedhi yako inavyotoka, na waangalie kama kuna kidonda kinachovuja pale palipounganishwa. Na kama bado hamjazungumza uzazi wa mpango, zungumzeni. Kwenye baipasi vidonge vya kumeza haviaminiki sana, na kwa damu uliyonayo mimba sasa hivi ingekuelemea.