Wanafunzi wangu wanataka kwenda kuua viti vya pweza wa miiba. Niwaambie nini?

MwalimuWaNjiru:
Habari za jioni, wadau. Nafundisha sayansi na ninalea chama cha mazingira katika shule moja hapa Njiru. Likizo iliyopita tulipanda treni hadi Mombasa, kisha basi mpaka Watamu, tukapanda mashua yenye kioo chini. Mwongozaji akatuonyesha kiti cha pweza mmoja, yaani yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, mpana kama sinia la pilau, miiba mwili mzima. Sisi tulizoea mwenye mikono mitano wa vitabuni. Huyu, mtoto mmoja alimhesabia mikono kumi na sita kabla mashua haijasogea. Alikuwa amelalia tumbawe, na alikotoka palikuwa na doa jeupe pe, kana kwamba mtu amemwaga chokaa.

Tangu siku ile watoto hawana raha. Wameuza mandazi muhula mzima, wana shilingi 18,400, na wanataka kurudi Desemba na visu wakawakatekate. Kuwakataza naona vibaya, maana wanaipenda bahari kwelikweli. Kuwaruhusu, moyo unasita. Nishaurini.

NahodhaWaShimoni:
Mwalimu, visu viacheni nyumbani. Nimeendesha mashua Shimoni miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia South B. Pale mlipokuwa ni hifadhi, huruhusiwi kudhuru wala kutoa kiumbe bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tena kumkata si kumuua: kipande kinaweza kupona na kuota mikono mipya.

Na ile miiba ina sumu. Mwenzangu alichomwa kiganjani, mkono ukavimba hadi kiwiko, akatapika usiku kucha. Tulimtumbukiza mkono kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, ndipo akapata nafuu. Kesho yake hospitalini walimtoa ncha mbili zilizokatikia ndani. Mtoto wa shule usimfikishe hapo.

BintiMatumbawe:
Nasomea viumbe vya bahari, naomba niongeze. Lile doa jeupe ni mifupa ya tumbawe. Mnyama huyu mdomo wake uko chini. Hutoa tumbo lake nje, akalitandaza juu ya tumbawe, akayeyusha nyama yote papo hapo. Mmoja anaweza kumaliza hadi mita 10 za mraba kwa mwaka.

Lakini waambie watoto kwamba yeye ni mwenyeji wa mwamba, si mvamizi. Hupenda zaidi matumbawe ya matawi yanayokua haraka, na wakiwa wachache, yale yanayokua polepole hupata nafasi. Balaa ni wingi wao. Kule Australia huanza kuhesabu mlipuko wakifika kama 15 kwa hekta. Kati ya 1985 na 2012 mwamba wao mkubwa ulipoteza karibu nusu ya matumbawe yake, na watafiti waliwahesabia wanyama hawa asilimia 42 ya hasara hiyo. Wapigambizi wa huko huwadunga sindano ya nyongo ya ng'ombe au siki, mmoja mmoja. Ni kazi ya waliofunzwa.

Mwamba nao una walinzi wake. Kuna vikaa vidogo vinavyoishi kati ya matawi ya tumbawe. Kiti cha pweza akipanda, vinamfinya miguu mpaka ashuke. Nimeviangalia vikifanya hivyo, mwili ulinisisimka. Yuko pia konokono mkubwa wa kombe la baragumu, ambaye humla mzimamzima au vipandevipande. Ndiyo makombe yale watalii huuziwa kama mapambo. Watoto wasinunue.

MamaBaraka_Umoja:
Sasa hizo 18,400 walizotafuta kwa jasho zifanye nini?

BintiMatumbawe:
Mama, swali hilo ndilo. Mwalimu, mto Nairobi unaopita huko kwenu unaingia Athi. Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua ikinyesha, maji ya pwani pale hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo hufunika matumbawe. Halafu jike mmoja wa kiti cha pweza hutaga mayai mamilioni kwa mamilioni, na vitoto vyake hula vijimea vinavyoelea. Mbolea na maji taka yakifika baharini, vijimea huongezeka, na watafiti wengi wanaona ndipo vitoto vingi zaidi husalimika. Mjadala wa jambo hilo haujafungwa, ila uchafu wa mto hauufai mwamba kwa namna yoyote.

NahodhaWaShimoni:
Desemba nendeni tu, mkachukue picha, mhesabu mliowaona, mwape askari wa hifadhi hesabu hiyo. Itawafaa kuliko visu.

MwalimuWaNjiru:
Asanteni sana. Leo nimewachorea ule mto ubaoni, kutoka nyuma ya darasa letu hadi Malindi. Darasa lilinyamaza, kisha yule aliyehesabu mikono akauliza kama maji ya kufulia ya mama yake yanafika kule. Nikamjibu yanaelekea huko. Jumamosi tunaanza na kingo za mto. Mwenye miche ya mianzi karibu na Ruai aniambie bei.

MamaBaraka_Umoja:
Mwalimu, angalia ujumbe wa faragha. Ninayo arobaini, njoo uichukue bure.