Naomba ushauri: jukwaa la kuimba na kamera, nianzie wapi?

Wakuu, shikamooni na habari zenu. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, umri miaka 23. Naimba kwaya na nimeigiza jukwaani miaka minne. Napenda sana tamthilia za muziki, pale mwigizaji anapoimba, anacheza na kusema kwa pumzi ileile.

Majuzi nilijaribiwa kwenye filamu, nikaambiwa napaza sauti mno na uso unahangaika. Jukwaani nimezoea kumfikia mtu wa kiti cha nyuma kabisa! Nimejirekodi kwa simu, nikapunguza, sasa hata kuimba kumepoa. Imeniuma.

Mliopita TaSUBa (chuo cha sanaa na utamaduni) Bagamoyo au sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: wapi wanafundisha kuimba na kuigiza kwa pamoja? Na nitulize vipi uso mbele ya kamera bila kupoteza sauti ya jukwaani?